Wifi Yangu na Kibao cha Kuchorea

Wifi yangu ni mpambaji wa keki. Kiwanda cha mikate anakofanya kazi kina tanuri mbili, meza ndefu ya bati na dirisha moja linalotazama uchochoro, na kiti kilicho karibu na hilo dirisha ni chake. Wengine wanakanda, wengine wanaoka, lakini keki ikishapoa inapelekwa kwake. Anashika mfuko wa krimu, anaubana kidogo, anaulegeza, anaubana tena, na waridi linachanua mbele ya macho yako. Ndiyo maana pale kazini wanamwita Mama Waridi. Mteja akija na maneno marefu kama hotuba anayotaka yaandikwe juu ya keki ndogo kama sahani ya chai, wanamwambia asijali, Mama Waridi atajua pa kuyaweka.

Kazi yake huanza alfajiri, kwa hiyo mchana watu wakiwa bado kazini yeye ameshaoga na kukaa kitako. Mwanaye alipohamia mji mwingine alimwachia laptopu kuukuu, inayonguruma kama friji na isiyo na herufi mbili. Mtu mwingine angeifunika kitambaa akaiweka juu ya kabati. Yeye aliifuta vumbi, akaichomeka, akaanza kuhamishia humo picha alizopiga kwa simu. Anapenda kupiga vitu ambavyo mimi ningepita bila kugeuka: kinyozi wa jirani akikung'uta taulo, vivuli vya nguo kwenye kamba, mzee aliyesinzia huku redio ikiwa mapajani. Kisha akapata programu ya bure ya kuhariri picha, na hapo ndipo tulipompoteza. Alijifunza kuangaza palipo giza, kufuta doa, kukata kitu hapa na kukipachika kule. Hakuwa na nia ya kuuza chochote. Alikuwa anapenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira.

Mimi nashona sare za shule nyumbani, na nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja. Mara nyingi mchana nilikuwa nabeba vifungo vyangu na sindano, nakwenda kukaa kwake, tunafanya kazi huku tukiwasema watu. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyasikia kwa mtu.

Sasa, kuna picha moja ambayo iliikosesha nyumba nzima amani. Shemeji yangu, kitinda mimba wao, ni mpishi wa melini, na huja nyumbani kwa nadra sana. Mara ya mwisho alipokuja, baba mkwe aliagiza familia yote ikusanyike uani kwake tupigwe picha ya pamoja. Mpiga picha aliyelipwa hakutokea, na simu yake ikawa haipatikani. Jua lilikuwa linashuka. Mume wangu, ambaye ndiye kifungua mimba, akasema tusipoteze muda, yeye atapiga kwanza, halafu atatafutwa mtu mwingine apige ili naye aingie. Mama mkwe akatuambia tusogeane lakini tumwachie nafasi mwenzetu pembeni yake. Tukasogea, pengo likabaki. Mume wangu akapiga picha moja, simu ikaisha chaji mkononi mwake. Tulipopata chaja, jua lilikuwa limeshazama na watoto wamezidi kuchafuka. Tukasema tutapiga kesho, na kesho yake shemeji akaitwa melini mapema kuliko alivyotarajia.

Mama mkwe hakuumaliza mwaka ule.

Picha ikabaki hivyo: baba, mama, wifi yangu, shemeji, mimi, wajukuu wote, na pengo. Mume wangu alikuwa akisema haidhuru, mpiga picha siku zote hukosa kwenye picha, ndiyo kazi yake. Alisema hivyo kwa watu. Lakini mimi ndiye ninayelala naye. Nilimkuta zaidi ya mara moja amekaa kitandani kabla ya kwenda kazini, ameivuta ile picha kwenye simu kwa vidole viwili, anatazama pale pembeni ya mama yake pasipo na mtu.

Nilimwambia wifi. Aliendelea kusafisha kioo cha laptopu kwa ncha ya khanga. Kisha akaniuliza kama lile shati la bluu mume wangu alilovaa siku ile bado lipo.

Lilikuwepo. Tukapanga uongo wetu. Nilimwambia mume wangu kwamba ofisi inayompa vibarua vya umeme inataka picha mpya ya kitambulisho, na dada yake atampiga bure. Tukampeleka uani kwa baba, jua likiwa upande uleule wa siku ile, tukamsimamisha penye ukuta uleule. Alilalamika mwanzo mpaka mwisho. Alitaka kujua ni kitambulisho gani hicho kinachohitaji mpaka viatu, na kwa nini aambiwe ainamishe bega la kushoto. Wifi akamwambia kwamba siku hizi mambo yamebadilika. Mume wangu ni mtu wa kuamini mambo yamebadilika, akainamisha bega.

Kumbe kumpiga picha ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Mume wangu ana nywele nyingi, nene, zilizosimama kama kichaka baada ya mvua, na anazionea fahari. Kumkata kutoka kwenye picha moja na kumweka kwenye nyingine kulihitaji kuzifuata hizo nywele ukingoni, unywele kwa unywele, na wifi alikuwa anatumia kipanya. Umewahi kuandika jina lako kwa kipande cha sabuni? Ndivyo ilivyokuwa. Mkono ulienda kulia, mstari ukaenda kulia zaidi. Baada ya alasiri nyingi, mume wangu alitokea pembeni ya mama yake akiwa kama amevaa kofia ya chuma ya mwendesha pikipiki. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Wifi hakucheka. Alikuwa ameshika kiwiko cha mkono, kwa maana mkono uliobana krimu asubuhi nzima sasa ulikuwa umebana kipanya mchana kutwa, na uliuma mpaka begani.

Siku chache baadaye alinionyesha video ya mtu anayehariri picha kwa kalamu. Mezani kulikuwa na kibao cheusi chembamba kilichounganishwa na kompyuta kwa waya. Yule mtu anachora juu ya kibao, na mstari unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Akigusa taratibu, unatoka mwembamba kama uzi. Akikandamiza, unanenepa. Wifi aliirudia sehemu hiyo tena na tena.

"Wifi, unaona?" akaniambia. "Huyu anabana krimu."

Tangu siku hiyo ikawa ni kibao tu. Alitenga fedha za keki za harusi anazopamba nyumbani mwisho wa wiki, na akaanza kuuliza na kusoma. Mume wangu aliposikia kwamba dada yake anatafuta kitu cha kuchorea picha kwenye kompyuta, wakati kompyuta yenyewe ina kipanya kizima, alishangaa kwa moyo wake wote. Yeye alidhani ni kwa ajili ya vile vivuli na vinyozi, maana hatukumwambia lolote. Alimwambia dada yake kwamba mtu mzima hanunui midoli, na kwamba kama ni kuchora, kuna penseli madukani. Wifi alimpa kipande cha keki kilichovunjika na kumuuliza habari za kazi.

Mimi nilidhani kununua kibao ni kama kununua pasi: unaingia dukani, unauliza bei, unaomba upunguziwe, unaondoka. Wifi alinifungua macho. Kuna vibao vyenye kioo, ambavyo unachora juu ya picha yenyewe, na kuna visivyo na kioo. Kuna kalamu zinazotaka kuchajiwa na zisizotaka. Kuna vinavyoelewana na kompyuta za zamani na vinavyozidharau. Kuna vidogo kama bahasha na vikubwa kama sinia. Na kila mtu mtandaoni alikuwa na chake anachokiapia. Alichanganyikiwa kidogo, kisha akasema atafanya kama anavyofanya akinunua midomo ya mifuko ya krimu: hanunui kwa kusoma boksi, ananunua kwa kujaribu.

Basi asubuhi moja ya siku yake ya mapumziko tukatoka. Laptopu haikuwa na begi lake, na wifi hakutaka ikwaruzwe, kwa hiyo aliitia ndani ya boksi la keki, akalifunga kwa utepe. Njiani watu walitupisha kwa heshima. Mwanamke mmoja akatuuliza harusi ni ya nani.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya wauza mapazia. Muuzaji alikuwa bwana wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mpole, na alipoona boksi likiwekwa juu ya kaunta yake alitabasamu akidhani ameletewa kitu. Wifi akafungua utepe, akatoa laptopu.

Kwanza bwana yule alituletea kibao chenye kioo. Nisiseme uongo, kilikuwa kizuri. Rangi zake ziling'aa mpaka nikatamani kukigusa na mimi. Wifi alikitazama kwa muda, kisha akauliza kinaunganishwaje. Kilitaka nyaya mbili na umeme wake chenyewe, na moja ya nyaya hizo ilitaka tundu ambalo laptopu yetu haikuwa nalo. Bwana akasema kuna kifaa cha kuunganishia, na kwamba labda tungefikiria pia kubadilisha laptopu. Wifi akamwambia kwa upole kwamba akianza kubadilisha, atamaliza kwa kubadilisha nyumba. Wakacheka wote wawili, kibao kikarudi kwenye boksi lake. Lakini nilimwona akikisindikiza kwa macho.

Cha pili kilikuwa cha bei ya chini kabisa, kidogo kama postikadi. Mimi nikasema hiki hiki, tuondoke. Wifi akaketi, bwana akamsaidia kuweka programu yake kwenye laptopu, tukasubiri laptopu ingurume ikamilishe. Alipochora, mstari ulifika umechelewa, na mahali pengine ukaruka kama mtu anayevuka dimbwi. Tena kalamu yake ilitaka kuchajiwa. Akauliza kama ikiisha chaji katikati ya kazi anaweza kuendelea. Bwana akasema hapana, inabidi kungoja. Wifi akaiweka chini.

Cha tatu kilikuwa cha kampuni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Bila kioo, cheusi, ukubwa wa daftari la shule, na vitufe vichache upande mmoja. Kalamu haikuwa na betri wala chaji, nyepesi, na ndani ya boksi kulikuwa na ncha nyingine za akiba, kwa kuwa ncha husagika kwa kutumika. Bwana alianza kutueleza idadi ya ngazi za mkandamizo, maelfu kadhaa, imeandikwa kubwa kwenye boksi. Wifi akamwomba samahani, akasema namba hizo yeye haziwezi.

"Mimi nataka kujua inaanza kuchora nikigusa vipi," akasema. "Ikingoja mpaka niikandamize, hiyo ni patasi, si kalamu."

Akavuta pumzi, akashusha mkono. Ncha iligusa kibao kama inzi anavyotua. Kwenye kioo cha laptopu yetu kuukuu ukatokea mstari mwembamba, ukanenepa alipobana, ukakonda alipolegeza, ukajikunja ukaingia ndani yake wenyewe. Mkono ulikuwa unafanya kitu ulichokifanya maisha yake yote. Waridi likawa linakua pale kaunta, jani kwa jani, na bwana wa duka akavaa miwani yake na kusogea.

Alipomaliza aliweka kalamu chini. Aliuliza tu kama anaweza kukirudisha kikimgomea nyumbani, bwana akakubali na kumwandikia kwenye risiti. Bei yake ilikuwa kati ya vile viwili, karibu zaidi na kile kidogo. Tuliomba punguzo hata hivyo, maana hatukulelewa vibaya, na tukapewa.

Ningependa kusema alifika nyumbani akamaliza kazi jioni ileile. Haikuwa hivyo. Pale dukani alichora waridi, ambalo mkono wake unalijua hata akiwa amefumba macho. Nyumbani alitaka kufuata ukingo wa picha, na hapo mkono na macho vikagombana. Macho yanatakiwa yawe kwenye kioo huku mkono uko mezani, na yeye kila mara alikuwa anainamisha kichwa kutazama mkono. Akitazama mkono, haoni picha. Akitazama picha, mkono unapotea. Isitoshe alikuwa amezoea kipanya, ambacho unakinyanyua na kukirudisha, wakati kalamu ukiigusisha pembeni mwa kibao inakupeleka pembeni mwa kioo moja kwa moja. Siku hizo alikuwa mkali. Mume wangu alipita kuazima ngazi, akakikuta kibao kimeachwa mezani jikoni, akakichukua pamoja na kisu na kitunguu. Wifi alimpokonya kabla kisu hakijashuka. Mume wangu akasema kwamba yeye alijua tu kuwa ni ubao, na kwa hali ilivyo, kingefaa zaidi kwa kazi hiyo.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Alipoondoka kaka yake, wifi alinigeukia akaniambia nichukue taulo la vyombo.

"Nifunike mkono," akasema.

Nikamfunika, mkono na kalamu na kibao, vyote chini ya taulo. Sasa hakukuwa na cha kutazama isipokuwa kioo. Mstari wa kwanza ulikwenda kombo, wa pili pia. Tulifanya hivyo kila mchana, yeye anachora chini ya taulo kama mtu anayetibiwa mafua, mimi nashona vifungo. Mchana mmoja taulo lilianguka chini, na wala hakugundua. Alikuwa anafuata ukingo wa sikio la paka kwenye picha fulani, macho yamekaza kwenye kioo, mkono unakwenda wenyewe. Sikuliokota lile taulo. Nilimwacha.

Hapo ndipo alipofungua picha ya familia.

Alimkuza mume wangu mpaka unywele mmoja ukawa mnene kama kamba. Akafuata ukingo wa kichwa polepole, akiacha mianya, na palipokosekana alichora nywele mwenyewe, anaanza kwa kubana na kumaliza kwa kulegeza, ncha inapotelea hewani. Akamsogeza kwenye pengo. Bega la mama mkwe lilikuwa limesogea mbele kidogo siku ile, kwa hiyo akapitisha ukingo wa gauni la mama juu ya mkono wa shati la bluu, uzi kwa uzi, mpaka ikawa kweli mama amesimama mbele yake na kumwegemea. Akatia kivuli miguuni, kikielekea upande uleule wa vivuli vyetu sisi wengine. Nilikuwa namwangalia mume wangu akiingia kwenye picha kama mtu anayekuja kutoka mbali.

Na kwa sababu sasa kalamu ilikuwa inamtii, hakujua pa kuacha. Alitutengeneza wote. Mimi aliniondolea chunusi, nikafurahi. Watoto akawafuta matope. Wazee wawili akawanyoosha mikunjo, na ukuta nyuma yetu, wenye ufa mrefu, akauziba ukawa laini kama krimu. Tukachapisha nakala ndogo, tukampelekea baba mkwe peke yake aione kwanza.

Baba mkwe alikuwa fundi wa kupiga lipu mpaka magoti yalipomkatalia. Aliichukua ile nakala akaipeleka dirishani. Alimwona mwanawe mkubwa pembeni ya marehemu mama yake. Kisha akasema ukuta huu si wake, wake una ufa, na ufa huo anaujua ulikoanzia. Baadaye akamgusa mama mkwe usoni kwa kidole.

"Na huyu ni nani, mwanangu?"

"Ni mama, baba."

"Mama yako sikumwacha hivi. Mimi nimezeeka naye huyu. Nirudishie mke wangu."

Hakusema kwa hasira. Wifi aliichukua nakala akarudi nyumbani, na mimi nikaogopa kwamba atafunga laptopu asiifungue tena. Lakini alikaa mezani palepale na viatu vyake miguuni. Kila kazi alikuwa ameifanya kwenye tabaka lake peke yake, kama plastiki angavu iliyofunika picha, na picha ya zamani ilikuwa chini, nzima. Akachukua kalamu, na safari hii akawa anafuta alichokipaka yeye. Alianza na pembe za macho ya mama yake. Alikuwa anagusa kidogo mno, na chini ya ncha ikarudi mistari miwili, ukarudi mkunjo wa shavuni unaotokea mama anapojizuia kucheka, likarudi kovu dogo la kidevuni. Nilimsikia akivuta makamasi. Lakini mkono haukuyumba. Mama yake alikuwa anarudi mbele yake, na yeye ndiye aliyekuwa anamleta.

Ufa wa ukuta ukarudi, matope ya watoto yakarudi. Chunusi yangu pia, ingawa kwa hiyo nilipinga.

Nakala kubwa ilichapishwa na kutiwa fremu, na Jumapili iliyofuata baba mkwe aliitundika mwenyewe sebuleni, akipima kwa macho kama anavyopima ukuta. Kisha akampigia simu mume wangu aje aangalie swichi inayocheza. Swichi ilikuwa nzima. Mume wangu akaingia na mkoba wake wa vifaa, akasalimia, akauliza ni swichi ipi, na baba akaonyesha ukutani, karibu na picha.

Alienda moja kwa moja kwenye swichi. Akaijaribu, akaizima, akaiwasha. Halafu akageuza kichwa.

Baba, wifi na mimi tulikuwa tumekaa nyuma yake tukimwangalia. Mume wangu alitazama picha, akasogea, akasogea tena mpaka pua ikakaribia kioo. Aliangalia nywele zake. Aliangalia shati la bluu, na viatu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa habari ya kitambulisho. Kisha akafika pale gauni la mama yake lilipopita juu ya mkono wake.

"Ameniegemea," akasema.

Alikaa kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo baba mkwe hamruhusu mtu yeyote, na baba akamwacha. Kisha akamuuliza dada yake, bila kumtazama, kama hii ameifanya kwa kile kibao. Wifi akasema ndiyo, kwa kilekile.

"Kile cha vitunguu," mume wangu akasema. Wifi akainuka akamshika kichwa, akakikumbatia pamoja na hizo nywele zake zote.

Jioni tulimtumia shemeji picha. Alikuwa bandarini, akapiga simu kwa video, nyuma yake masufuria yananing'inia. Alimtafuta kila mtu, akamaliza, akaanza upya. Alisema yeye anakumbuka vizuri kwamba kaka alikuwa amesimama pale, ilikuwaje tukawa tunasema hayupo? Baba mkwe alicheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu msiba. Na mpaka leo mgeni akija pale nyumbani akauliza ni nani aliyepiga picha nzuri namna hii, mume wangu hujibu kwamba ni yeye. Mgeni humtazama, huitazama picha, kisha huomba maji.

Mume wangu si mtu wa kusema asante. Kesho yake alikwenda kwa dada yake na waya, bomba la kuupitishia na nyundo, akamhamishia meza dirishani bila kumwomba ruhusa, akamwekea soketi mpya hapohapo mezani ili waya usivuke sakafu, na taa ya ukutani inayokunjwa, kwa sababu, alivyosema, kazi kama ile haiwezi kufanywa na mtu anayekaza macho. Alimaliza, akafagia vumbi la ukuta mwenyewe, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya.

Wifi anaendelea na vivuli vyake na vinyozi wake. Majirani wameanza kumletea picha, na nyingine anakubali, nyingine anakataa, kutegemea kama zimemvutia. Ncha ya kwanza ya kalamu imeshasagika, ameweka ya pili. Mchana akiwa kwenye kiti chake simsikii akilalamikia bega. Namsikia akiimba. Na mume wangu siku hizi akimwona dada yake ameinua simu upande wake, hupunguza mwendo, hunyoosha kola, na huuliza kama jua liko sawa.